Mama Aliyeandika kwa Ajili ya Mwanawe



Kliniki huwa namtambua mama mwenye mzigo. Hukaa benchi la mwisho, mtoto amemfunika kanga gubigubi, na swali lake huuliza kwa sauti ya chini: "Sista, mwanangu atasema lini?" Mwezi huu nawaletea habari za mama mwingine aliyeuliza hivyo, naye akaja kuwa mwandishi mashuhuri.

Pearl Buck alizaliwa mwaka 1892 huko West Virginia, Marekani. Wazazi wake walikuwa wamisionari, wakaenda naye China angali mchanga. Alikulia huko, akisema Kichina kama watoto wa majirani. Mwaka 1917 aliolewa na John Lossing Buck, mtaalamu wa kilimo, na mwaka 1920 wakapata binti, Carol. Hakujaliwa kuzaa tena, kwani baadaye alifanyiwa upasuaji wa kizazi.

Carol alikuwa mzuri wa sura, lakini miaka ilipita bila akili yake kukua. Pearl alihangaika kwa madaktari, mpaka akaambiwa ukweli. Mwaka 1929 alimweka katika shule ya watoto wa namna hiyo huko Vineland, New Jersey. Gharama ilikuwa kubwa, hata akakopa. Basi akaandika kwa bidii, apate kumtunza mwanawe.

Mwaka 1931 kilitoka kitabu chake The Good Earth, habari za mkulima wa Kichina. Ndani yake yumo binti asiyeweza kusema, ambaye baba yake anampenda na kumlinda. Kitabu hicho kilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1932. Mwaka 1938 Pearl alipewa tuzo ya Nobel ya fasihi, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Marekani.

Sifa zote hizo, lakini habari za Carol alikuwa akizificha. Mwaka 1950 ndipo alipozitoa wazi katika kitabu The Child Who Never Grew, na wazazi wengi wakajua kwamba hawako peke yao.

Carol alikuwa na fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi. Mwili hushindwa kutumia sehemu moja ya protini, nayo hujikusanya na kuharibu ubongo. Tangu miaka ya 1960 kipo kipimo cha tone la damu ya kisigino, na chakula maalumu kikianzwa mapema ubongo huokoka. Kwa Carol kilichelewa. Haikuwa laana, wala kosa la mama.

Dada yangu, mtoto asipokaza shingo kwa miezi minne, asipokaa kwa miezi tisa, au asiposema neno lolote kwa mwaka na nusu, usingoje. Mlete kliniki, na ile kanga uitumie kumbebea, siyo kumficha.