Zamu, kijana na fasi ya watu wote



Mwezi huu tuongee juu ya ugomvi munaoujua. Vijana wanacheza mbele ya jengo kubwa. Zamu anatokea na fimbo mukononi: « Tokeni hapa! » Vijana wanauliza: « Papa, tumefanya nini? » Anajibu: « Nimesema tokeni. » Kisha ni matusi na mbio, na mara ingine mutoto anarudi nyumbani na alama ya fimbo mugongoni. Baba anamukasirikia zamu, mama anamukasirikia mutoto, na hakuna mutu anayeuliza swali hili: amri ile ilitoka kwa nani?

Kusudi tuone vizuri, nitawapeleka mbali, kwa vijana wa Marekani na wa Uingereza wanaocheza na kibao cha magurudumu. Kwetu wengi wamekiona katika televizio tu. Ni kibao kifupi chenye magurudumu mane madogo chini yake. Kijana anasimama juu yake, anasukuma na muguu mumoja, anaruka ngazi, anateleza juu ya ukingo wa mawe. Muchezo huu unataka sakafu laini na mawe ya kuruka, na vitu hivi vinapatikana sana mbele ya maofisi, mabanki, na katika viwanja vya muji. Ni kule kule zamu anasimama.

Tuseme haki kwa pande zote mbili. Kibao kinavunja kingo za mawe. Kinapiga kelele. Muzee anayepita anaweza kugongwa. Tena mwenye jengo anaogopa kwamba kijana akianguka na kuvunjika mukono, wazazi watamushitaki. Maneno haya ni ya kweli. Lakini ni kweli vilevile kwamba kijana anafukuzwa mara nyingi wakati hajaharibu kitu, juu ya umri wake na nguo zake tu, pahali ambapo mutu mwenye kuvaa tai anakaa saa nzima bila kuulizwa neno.

Sikilizeni habari ya muji wa Philadelphia, kule Marekani. Katikati ya muji ule kuko kiwanja kilichojengwa mwaka 1965. Jina lake la Serikali ni JFK Plaza, lakini watu wanakiita LOVE Park, maana yake Kiwanja cha Upendo, juu ya sanamu ya herufi kubwa za neno lile iliyowekwa pale mwaka 1976. Vijana wa vibao walipenda mawe na ngazi zake, na katika miaka ya 1990 kiwanja kikajulikana kwa wachezaji wa inchi nyingi. Lakini mwaka 2000 baraza la muji likakataza vibao katika fasi za watu wote, na polisi wakawafukuza. Tazameni ajabu: mwaka 2001 na mwaka 2002, muji ule ule ulikaribisha mashindano makubwa yanayoitwa X Games, na mabingwa wa kibao walikuwa ndani yake. Bingwa alipigiwa makofi, mutoto wa kartie alikimbizwa, na muchezo ulikuwa mumoja.

Halafu muzee mumoja akasimama. Jina lake Edmund Bacon. Alikuwa ameongoza kazi ya mipango ya muji ule tangu 1949 hata 1970, na wazo la kiwanja kile alikuwa nalo tangu alipokuwa mwanafunzi. Mwezi wa kumi mwaka 2002, akiwa na miaka 92, alivaa kofia ya kujikinga, akapanda juu ya kibao mbele ya watu wote, pale pale palipokatazwa.  Alitaka wakubwa wa muji waone kwamba amri yao haikuwa ya haki.

Je, walimusikia? Hapana, siyo mara ile. Mwaka 2004 kampuni moja ya viatu vya muchezo huu ilitaka kutoa dolari milioni 1 kwa kutengeneza kiwanja kila mara kinapoharibika. Meya alikataa. Lakini vijana na rafiki zao hawakuchoka. Waliunda chama, wakatafuta franga, wakaongea na muji, na mwaka 2013 fasi yao ya kuchezea ikafunguliwa karibu na muto Schuylkill. Inaitwa Paine's Park. Na mwaka 2016, mbele ya kubomoa LOVE Park ili ijengwe upya, meya mwingine aliwafungulia vijana kwa siku chache, wakacheza pasipo kufukuzwa.

Kule London mambo yalikwenda vizuri zaidi. Chini ya jengo kubwa la muziki na sanaa, kando ya muto Thames, vijana walikuwa wakicheza na vibao tangu miaka ya 1970. Mwaka 2013 wenye jengo walitangaza kwamba wataweka maduka na malesitora pale, na vijana watahamishwa. Vijana hawakupiga mawe. Waliweka meza pale pale, siku kwa siku, na kuomba wapita njia waandike majina yao. Watu zaidi ya 100,000 waliandika. Tena, kule Uingereza, mbele ya kutoa ruhusa ya kujenga, baraza la kartie linapaswa kupokea barua za wanaopinga. Barua zaidi ya 27,000 zilifika. Mwezi wa tisa mwaka 2014, pande zote mbili zilitia sahihi mapatano: vijana wanabaki. Nyuma yake, wale waliokuwa wakigombana walitafuta franga pamoja, na mwaka 2019 sehemu iliyokuwa imefungwa miaka mingi ikafunguliwa tena.

Vijana, mumeona? Zamu ndiye munayemuona, lakini siye aliyeandika amri. Yeye naye ni baba wa watu, anatafuta mukate wa watoto wake, na asipowatosha pale, kesho anaweza kupoteza kazi. Kumutukana hakubadilishi kitu. Akisema tokeni, tokeni. Lakini mumuulize kwa heshima: « Papa, tumekubali kutoka. Ni nani aliyekataza, na tunaweza kumuona wapi? » Kisha muende kule, watu watatu ao wane, na karatasi iliyoandikwa vizuri. Museme munataka nini: fasi gani, saa gani, na ni nani atakayefagia. Hata kama ni mupira tu munaotaka kucheza, njia ni ile ile.

Ninyi munaofanya kazi ya kulinda, nanyi mupokee neno. Mulipewa kazi ya kulinda fasi, hamukupewa kazi ya hakimu. Munaweza kumwambia kijana atoke. Kumupiga fimbo, kumunyanganya mupira na kuupeleka kwenu, ao kumuomba makuta ndipo acheze, ile siyo kazi yenu. Na mutoto wa bwana mukubwa akiachwa acheze, mutoto wa mufanyakazi naye aachwe.

Wazazi, mutoto akirudi na alama ya fimbo, musikilize kwanza. Uliza alikuwa wapi, aliambiwa nini, alijibu nini. Kama alikuwa katika kiwanja cha mashini ao karibu na mashimo ya mine, pale zamu alikuwa na haki ya kumutosha, juu pale kuko kifo. Hata hivi hakuwa na haki ya kumupiga. Na kama ilikuwa fasi ya watu wote, usimwambie tu « Nyamaza, ni hivi dunia iko. » Vaa viatu, umushike mukono, muende pamoja kwa mukubwa wa kartie ao kwa mwenye jengo, muongee pole pole, na muombe jibu.

Kuna kambi na kartie nyingi ambamo watoto hawana hata kiwanja kimoja cha kuchezea. Kwenu ni namna gani? Juma hili, vijana na wazazi, muketi na kuandika pamoja: ni fasi gani iko wazi, ni nani mwenyewe, na ni nani kati yenu atakayetangulia kwenda kumuona.