Ua kubwa lisilonukia

Mwaka 1699 mtawa wa Sicily, Francesco Cupani, alimpelekea mwalimu mmoja wa Uingereza, Robert Uvedale, mbegu za mmea utambaao uliokuwa ukiota kisiwani kwake. Maua yake yalikuwa madogo na machache katika kila kikonyo. Petali ya juu rangi ya damu ya mzee, za chini urujuani. Kwa ukubwa halikuwa ua la kumsimamisha mpita njia. Lililomsimamisha ni harufu. Linnaeus alipoupa mmea huo jina la kitaalamu mwaka 1753, aliuita Lathyrus odoratus, na hilo neno la pili maana yake ni yenye kunukia. Jenasi ya Lathyrus ina spishi zipatazo 160, nyingi zisizo na harufu ya kutajika, na hii moja ndiyo iliyoingia katika bustani za dunia kwa sababu ya pua. Ni binamu wa njegere na kunde, wenye ua la umbo lilelile la kipepeo, kwa hiyo hapa nitaliita njegere-ua. Msomaji asije akaipika lakini, maana mbegu zake zina sumu.

Miaka mia mbili baadaye ua hilo lilikuwa limegeuzwa. Henry Eckford, Mskoti aliyefanya kazi katika mji wa Wem, alichanganya aina mbalimbali mwaka hadi mwaka na kupata maua makubwa zaidi yenye rangi nyingi, harufu ikiwa bado ipo. Kisha mwaka 1901 Silas Cole, mkuu wa bustani za Althorp, alionyesha London aina aliyoiita Countess Spencer: kubwa, ya waridi, petali zimejikunja mawimbi kama ushungi uliopigwa na upepo. Watu walipagawa. Tangu hapo mashindano yakawa ya mawimbi, urefu wa kikonyo na idadi ya maua. Mkulima wa mashindano huacha shina moja tu kwa kila mche, akaufunga kwenye mwanzi, kisha akapita na mkasi kuukata kila ukono ambao mmea huutumia kujishikilia, ili nguvu zote ziende kwenye ua na kikonyo kitoke kimenyooka. Si kwamba uzao wa Spencer wote haunukii. Zipo aina zake zinazonukia vizuri. Lakini zipo pia ambazo utaziinamia, utavuta pumzi, na utaambulia harufu ya majani mabichi.

Kwangu mimi haikuwa bahati mbaya. Njegere-ua ni mmea wa msimu mmoja: humea, hutoa ua, huzaa mbegu, hufa. Kila mwaka lazima mtu aamue ni mbegu ya mche upi itakayowekwa kwenye pakiti kwa ajili ya mwaka ujao. Sifa isiyoulizwa katika uamuzi huo haina mlinzi. Asumini wetu wa pwani hauna hatari hiyo kwa kiasi hicho, kwa sababu jirani hukata kipandikizi kwa jirani na mche mpya ni mama yuleyule. Na tena angalia ni nani aliyekuwa akiuliza. Ua la mashindano huwekwa mezani, likatazamwa. Ua la katalogi huchorwa au kupigwa picha. Harufu haichoreki.

Watakaonipinga watasema ladha ni ya mtu, na anayependa ua kubwa hajamkosea yeyote. Kweli, hajamkosea. Ila ukubwa na harufu si vitu viwili vya kuchagua kimoja, kwani aina nyingi za Eckford zilikuwa navyo vyote. Hoja yenye uzito zaidi ni kwamba harufu iliyopotea inaweza kurudishwa, na njegere-ua yenyewe inaonekana kuwa shahidi. Mwanzoni mwa karne ya 20, wanasayansi William Bateson na Reginald Punnett walichanganya aina mbili za ua hili, zote nyeupe, na watoto wakatoka na rangi ya zambarau. Kila mzazi alikuwa amepungukiwa na kiungo kimoja katika mnyororo unaotengeneza rangi, na kila mmoja alikuwa nacho kile alichokosa mwenzake. Harufu nayo hutengenezwa kwa minyororo ya vimeng'enya. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walionyesha kuwa waridi zisizonukia zina upungufu mkubwa wa kimeng'enya kimoja kinachofanya kazi hiyo. Kwa hiyo ndiyo, hurudi, ikiwa tu yupo aliyekihifadhi kiungo kilichokosekana. Leo katalogi zinauza aina iitwayo Matucana, yenye rangi mbili kama ua la Cupani na harufu kali, kwa sababu kuna watu walioendelea kuzipanda aina za kale wakati zilipokuwa zimepitwa na wakati.

Hoja ya tatu inatugusa karibu: ua linalonukia halidumu. Kwa njegere-ua iliyokatwa, adui mkubwa ni ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi, na wauzaji huidhibiti kwa kuchovya kikonyo chake katika maji yenye chumvi ya fedha, linukie lisinukie. Kwa waridi sikatai kwamba maua yenye harufu nyingi mara nyingi huchoka mapema, na ua la Naivasha lina safari ya ndege hadi Ulaya kabla ya kufika kwenye chombo cha mnunuzi. Lakini sababu si safari pekee. Wakulima wengi wa waridi wa Kenya hulima aina zilizozalishwa na makampuni ya nje, wakilipia haki ya kuzipanda, na makampuni hayo yamezichagua kwa kikonyo, rangi na siku za kudumu. Ni meza ileile ya mashindano, imehamia ghalani.

Kiswahili kinatenganisha kunuka na kunukia, na kikuba cha mrehani, asumini na kilua hakijawahi kupimwa kwa rula. Hata kikemia tuna udugu na ua la Sicily: mojawapo ya viini vikuu vya harufu ya njegere-ua ni ocimini, iliyopewa jina kutokana na Ocimum, jenasi ya mrehani. Basi mashamba yanayojaribu aina mpya yaongeze safu moja katika karatasi zao za vipimo, kando ya urefu wa kikonyo na siku za kudumu. Kifaa hakihitaji umeme: ni mama mmoja aliyezoea kufunga vikuba, apite kwenye matuta asubuhi, kabla jua halijapanda.