Mzazi Atulie Kwanza

Kijana wa miaka 15 anaingia nyumbani saa moja na nusu usiku, daftari kwapani. Hata viatu hajavua, ameshaulizwa alikuwa wapi, na nani, na kwa nini simu yake haipatikani. Akijibu kwa mkato, ana kiburi. Akinyamaza, kuna jambo anaficha. Anaingia chumbani, mlango unabamizwa, nyumba nzima inalala imenuna. Wazazi wengi wanaijua jioni hii, na wengi hudhani wa kurekebishwa ni mtoto. Sisi tunasema kazi ianze kwa mzazi.

Uingereza wamejaribu kuanza na watoto. Utafiti uitwao MYRIAD uliwahusisha wanafunzi zaidi ya 8,000 wa shule za sekondari, baadhi yao wakafundishwa darasani mazoezi ya kutuliza akili. Matokeo yalitoka mwaka 2022: waliofundishwa hawakupata nafuu kuliko wenzao walioendelea na vipindi vya kawaida. Wengi hata hawakuyafanya mazoezi hayo nyumbani. Haishangazi. Sehemu ya ubongo inayozuia papara huendelea kukomaa mpaka mtu apite miaka 20, na bado tunamtaka mtoto awe mtulivu mbele ya mtu mzima anayefoka.

Afrika Kusini walipita njia nyingine. Katika jimbo la Eastern Cape, mpango wa Sinovuyo Teen uliwaketisha mlezi na kijana wake pamoja kwa vipindi 14, na zoezi la kutulia na kuvuta pumzi likiwa sehemu ya mafunzo. Utafiti wa familia 552, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa ukatili na viboko vilipungua, na msongo wa walezi ukapungua pia. Pumzi pekee haikufanya yote hayo, kwani walijifunza pia kusuluhisha migogoro na kupanga matumizi ya fedha. Lakini mlezi alikuwamo tangu siku ya kwanza. Mpango huo umeshafika Tanzania pia, kwa jina la Furaha Teens.

Zoezi lenyewe ni jepesi kulieleza, gumu kulifanya. Mtoto anaingia amechelewa. Mama anahisi kifua kimembana na taya zimekaza. Anaiweka simu kando, anakaa, anakanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, anavuta pumzi taratibu na kuishusha, mara tatu au nne. Anajikubalia kimoyomoyo kwamba ana hasira, na kwamba chini ya hasira hiyo kuna hofu: giza, bodaboda, watu asiowajua. Ndipo anasema, "Mwanangu, nilikuwa na wasiwasi. Kumetokea nini?" Kisha anasikiliza mpaka mwisho. Hapo kwenye kusikiliza ndipo wengi wetu tunaposhindwa, maana mtoto hajamaliza sentensi, sisi tumeshatoa hukumu.

Wapo watakaosema huku ni kudekeza. Hapana. Saa ya kurudi nyumbani inabaki palepale, na aliyeivunja anaweza kunyimwa simu wiki nzima. Tofauti ni kwamba adhabu inatolewa na mtu aliyefikiri, na mtoto anajua kosa lake ni lipi. Wapo pia wanaohofia kuletewa ibada ya kigeni. Mtume Muhammad aliwafundisha Waislamu kwamba aliyeshikwa na hasira akiwa amesimama, akae chini. Wakristo wanao waraka wa Yakobo, unaosisitiza kusikiliza kwanza na kutokuwa mwepesi wa hasira. Mafunzo haya tunayo misikitini na makanisani. Tunayasahau tukifika sebuleni.

Kinachokosekana ni mahali pa kuyafanyia mazoezi. Mikutano ya wazazi shuleni huishia kwenye michango, chakula na matokeo ya mitihani, mzazi akaondoka na orodha ya madeni na jina la mtoto aliyeshika mkia. Wakuu wa shule wabadili ajenda kuanzia muhula ujao. Watenge nusu saa, wamwalike afisa ustawi wa jamii wa eneo lao, na wazazi wafanye zoezi hili papo hapo, wakiwa wameketi kwenye madawati ya watoto wao. Akina baba nao waje. Mara nyingi mno kikao hiki huachiwa akina mama peke yao.