Dogo wa Ikinga Ni Mkali, Ila Bado Siyo Bingwa

Wadau, kuna dogo mmoja Tunduma anatajwa kila kijiwe sasa hivi. Jina liachwe. Ametokea Ikinga, kule Ileje, mkono umekomaa kwa kubeba abiria kwenye boda milimani, na klipu zake za usiku zinatembea kwenye status hadi Mbeya. Pikipiki mbili zinasimama sambamba kwenye lami, mtu anashusha mkono, kinachofuata ni kelele na moshi. Dogo hajawahi kuonekana nyuma. Juzi staa mmoja wa Bongo, mpenda magari na mpenda kiki, kamposti na kumwita "bingwa".

Bingwa wa nini sasa?

Mbio za namna hii zinaitwa drag, na zina wenyewe. Marekani zilianzia hapo hapo alipo dogo, barabarani, vijana wanashindana usiku na watu wanaumia. Mwaka 1951 Wally Parks akaanzisha chama cha NHRA ili kuwatoa barabarani na kuwapeleka kwenye njia zilizofungwa, nyingine zikiwa viwanja vya ndege. Umbali ukawa robo maili, yaani mita 402. Hakuna mtu wa kushusha mkono, kuna taa. Ukitoka kabla ya kijani, nyekundu inawaka na umeshindwa hapo hapo, hata kama chombo chako kinapaa.

Na usidhani bodaboda haina njia huko. Antron Brown alianza na pikipiki, akahamia magari ya Top Fuel, yale yanayopita kilomita 500 kwa saa. Mwaka 2012 akawa dereva mweusi wa kwanza kuchukua ubingwa wa Top Fuel, na mwaka 2024 akauchukua kwa mara ya nne.

Ila hata huko, penye kuta, parachuti na zimamoto, watu wanakufa. Juni 2008 Scott Kalitta, bingwa mara mbili, alifariki kwenye ajali Englishtown, New Jersey. Wakubwa hawakusema "ni kazi ya Mungu" wakaendelea. Walipunguza umbali wa magari yenye kasi zaidi hadi mita 305.

Sasa rudi Tunduma. Ile ni barabara ya malori ya Zambia na Kongo. Kuna foleni, kuna matingo wanakatiza gizani, kuna watu wanauza mahindi ya kuchoma pembeni. Dogo hana helmeti, mguuni ana kandambili.

Itazame tena ile klipu, safari hii mpaka mwisho. Kushoto kuna mama ana beseni kichwani. Anaruka pembeni, beseni linaanguka. Komenti zote ni moto na mataji. Hakuna hata mmoja aliyemuulizia yule mama.

Wapo watakaosema dogo anapambana, uwanja hana, afanyeje? Hoja ina ukweli. Michezo ya magari hapa kwetu ni ya wenye hela. Rali inataka gari, mafundi, mafuta, matairi. Mtoto wa Ikinga ataipata wapi? Lakini drag ndiyo nafuu kuliko zote. Inataka kipande cha lami kilichonyooka, kifungwe kwa kibali, nafasi ndefu ya kupunguza mwendo, helmeti, ambulensi, na saa ya kupimia. Pikipiki dogo anayo tayari.

Na hapo ndipo staa anapotakiwa kujibu. Kuposti ni bure. Yeye kapata wafuasi, dogo kapata sifa, na wiki ijayo itabidi akimbize zaidi ili sifa zisipoe. Anayepiga makofi naye yumo kwenye hizo mbio, tofauti ni kwamba akitokea wa kuvunjika, siyo yeye.

Staa aende na hela ya video moja, wakae na polisi, halmashauri na viongozi wa boda, ifungwe barabara siku moja. Dogo akishinda pale, kwa taa na kwa saa, aitwe bingwa na apewe kombe lake. Kwa sasa ni kijana mwenye kipaji ambaye bado hajagonga mtu.

Wadau, staa atalipia hata ambulensi au ataishia kuposti? Tiririkeni hapo chini.