Mafundi cherehani, msichome vipande



Nina ombi kwa mafundi cherehani, hasa wa hapa kwetu Nyakanazi, njia panda ya Biharamulo, Ngara, Kibondo na Kahama.

Kila jioni mabaki ya vitenge hufagiliwa na kuchomwa moto. Sisi tunaojifunza kushona mablanketi ya viraka tunavitafuta vipande hivyo bila kuvipata. Anayeanza hahitaji cherehani. Anahitaji sindano, uzi, mkasi na vipande.

Blanketi langu la kwanza liliharibika. Nilichanganya kanga mpya na shuka kuukuu bila kuzifua kwanza. Lilipofuliwa, vipande vya kanga vikarudi, rangi ikachuja na blanketi lote likakunjamana. Sasa nafua kwanza, napiga pasi, kisha nakata kila kipande kwa kipimo kimoja cha boksi.

Wapo wanaotucheka kwamba kiraka ni alama ya umaskini. Si kweli. Wasidi wa Karnataka, India, ambao mababu zao walitoka Afrika, hushona kwa mkono mablanketi ya nguo kuukuu yaitwayo kavandi, na leo yanathaminiwa hata nchi za mbali.

Ndugu mafundi, wekeni gunia moja mlangoni mtupie mabaki humo. Ninyi hampotezi kitu, nasi tunaoanza tutapata pa kuanzia.

Mwanafunzi wa Sindano,
Nyakanazi, Kagera.