Shukrani ya Binadamu

Shuleni tulikaririshwa kwamba shukrani ya punda ni mateke. Tangu nianze shahada ya uzamili katika lishe ya wanyama hapa Nairobi, naamini methali hiyo ilitungwa na mtu aliyekuwa na jambo la kuficha.

Mwaka jana nilipelekwa kumwona farasi aliyekuwa akikimbia katika uwanja wa mbio wa Barabara ya Ngong. Amestaafu, waliniambia. Alikuwa na miaka 6, na farasi huweza kuishi miaka 25 na zaidi. Mbavu zake zilihesabika. Aliyempokea, kijana mwenye shamba dogo, alikuwa amepewa bure. Alimlisha kama alivyoelekezwa: ndoo ya nafaka asubuhi, ndoo jioni, nyasi kiganjani.

“Anakula vizuri, daktari, lakini hanenepi,” alisema saisi, mzee wa makamo. Mimi si daktari, ila jibu nililijua.

Tumbo la farasi ni dogo ukilinganisha na mwili wake, nalo hutoa asidi usiku na mchana, awe anakula au hali. Kinga yake ni kutafuna nyasi karibu kutwa, maana mate hupunguza ukali wa asidi. Farasi wa kilo 500 anahitaji takribani kilo 7.5 hadi 10 za nyasi kavu kwa siku. Nafaka nyingi kwa mkupuo mmoja hufika utumbo mpana kabla ya kumeng’enywa, zikachacha huko, zikaleta msokoto wa tumbo au uvimbe wa ndani ya kwato. Na farasi hawezi kutapika. Wengi hutoka mbioni tayari wana vidonda vya tumbo.

Nitaambiwa kosa ni la kijana asiyejua. Sikubali. Aliyemtoa alijua kwamba kwato hupunguzwa kila wiki 6 hadi 8, kwamba meno hukaguliwa kila mwaka, kwamba kuna chanjo ya kumkinga na ugonjwa unaoenezwa na visubi. Alijua bei ya kila kimoja. Ndiyo maana alimtoa bure. Kumpa mtu mzigo wa gharama na kuuita zawadi ni kumhamishia deni.

Wengine watauliza: watu wana njaa, wewe unalilia farasi? Mbona swali hilo halisikiki watu wanapoweka dau? Sehemu ya kila zawadi anayoshinda farasi iwekwe akiba tangu mbio yake ya kwanza, na imfuate popote aendapo, pamoja na kumbukumbu za afya yake. Hiyo si huruma. Ni mafao, na aliyachuma mwenyewe.

Tulipunguza nafaka polepole, tukaongeza nyasi. Saisi aliniuliza nani atalipia nyasi hizo hadi mvua inyeshe. Aliyepaswa kulipa alikuwa ameshanunua farasi mwingine.