San Andreas Si Mfalme wa PS2

Muulize kijana yeyote aliyekulia kwenye mabanda ya gemu, awe wa Kilosa mjini au wa Mikumi kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa, gemu gani ya PlayStation 2 ni kiboko ya zote. Atakujibu hata hujamaliza kuuliza: San Andreas. Atakutajia ukubwa wa ramani, magari, helikopta na nyota za polisi. Watu wazima wenye familia zao wanalirudia jibu hilo hilo kama kesi iliyokwisha kutolewa hukumu, na majarida ya nje yanawaunga mkono. Wamekosea. Gemu bora ya PS2 ni Winning Eleven, ambayo wengine waliijua kwa jina la Pro Evolution Soccer, au PES kwa kifupi. San Andreas haiifikii hata kwa mbali.

Silaha yao ya kwanza ni mauzo. PS2 ilitoka Japani Machi 2000 na ikauzwa zaidi ya milioni 155 duniani. San Andreas ilitoka Oktoba 2004, na nakala zake kwenye mashine hiyo zilizidi milioni 17, idadi ambayo hakuna gemu nyingine ya PS2 iliyoifikia. Sibishani na hesabu hizo. Ila zilifanywa kwa risiti za maduka ya Marekani, Ulaya na Japani. Kilosa hakuna aliyekata risiti. Diski zetu zilikuwa za kuchoma, zimefungwa kwenye nailoni, na moja ilihudumia mtaa mzima mpaka ikachakaa kwa mikwaruzo. Winning Eleven zote zilizochezwa kwa diski za namna hiyo, kuanzia hapa hadi Kigoma, haziko kwenye daftari la mtu yeyote. Anayetaka kujua gemu bora kwetu aachane na daftari hilo, aende akaliangalie benchi.

Banda la gemu lina sheria zake, na ndizo zinazoamua. Kuna TV ya chogo, mashine moja au mbili, padi mbili kwa kila mashine, na nyuma ya wachezaji kuna foleni ya watu wenye sarafu mkononi. Unalipia kwa mechi au kwa dakika. Mahali pengi sheria ni kwamba anayefungwa ndiye anayelipa na kunyanyuka, na mshindi anabaki kwenye benchi kumsubiri mwingine. Gemu inayofaa hapo ni ile inayoanza na kwisha ndani ya dakika kumi, inayoketisha watu wawili kwa pamoja, na inayowapa wanaosubiri kitu cha kutazama na kubishania.

San Andreas haikutengenezwa kwa benchi hilo. Ni hadithi ndefu ya Carl Johnson anayerudi Los Santos mwaka 1992 kumzika mama yake, na ina misheni karibu 100. Anayeicheza kwa uaminifu anahitaji makumi ya saa na kadi ya kumbukumbu ya kwake mwenyewe. Kadi ya PS2 ina megabaiti 8, na bandani ni moja kwa wateja wote. Ulipoishia jana, leo mwingine ameandika juu yake. Ndiyo, kuna sehemu chache zenye nafasi ya wachezaji wawili, lakini hao wawili wanabanwa ndani ya picha moja na hawawezi kuachana. Sijaona foleni ikisubiri hicho.

Tuseme basi kinachochezwa kwa kweli. Kijana anaingia na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule, imekunjwa mara nne, imeandikwa kodi. R1, R2, L1, eksi, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu. Afya inajaa, fulana ya kuzuia risasi inakuja, na dola 250,000 zinaingia mfukoni. Kodi ya pili inashusha kifaru. Anakanyaga magari, nyota za polisi zinapanda, anauawa, anaamkia hospitali, anaanza upya, muda unakwisha. Kesho anarudi kufanya yale yale. Hadithi waliyoisifu wahakiki haijui, na mazungumzo ya Kiingereza cha mitaa ya California hayafuati. Mtafute aliyeimaliza San Andreas kwa sarafu za bandani, kisha uniletee. Wanachokisifu ni nusu saa ya fujo, na fujo hiyo haimfundishi mchezaji ustadi wowote, kwa sababu kodi imekwisha kumfanyia kila kitu.

Na mashine yenyewe inashuhudia. PS2 ina megabaiti 32 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Jimbo zima la San Andreas haliwezi kuenea humo, kwa hiyo wakati unaendesha gari mashine inasoma diski bila kupumzika: inaleta mtaa ulio mbele na kuutupa ulio nyuma. Kwa mashine mpya na diski safi huo ni ufundi mkubwa, na ninawaheshimu mafundi wa Rockstar North kule Edinburgh waliouweza. Lakini mashine ya bandani lenzi yake imechoka. Hapo barabara inayeyuka mbele ya gari, nyumba zinachelewa kutokea, muziki unakatika, mwisho picha inaganda. Wenye mabanda waliohamia kwenye flashi wamepata balaa lile lile, maana tundu la USB la PS2 ni la kizazi cha zamani, la polepole. Winning Eleven inasoma timu na uwanja kabla ya filimbi. Mpira ukishaanza, kazi ya lenzi inapungua mno. Ikilemewa, utakosa sauti ya mtangazaji kidogo, lakini mechi itaendelea. Gemu inayostahimili lenzi mbovu na umeme unaokatikakatika ina sifa ambayo mhakiki aliyekaa na mashine mpya sebuleni kwake hawezi kuifikiria.

Ustadi wake ni wa kweli. Eksi ni pasi fupi, duara ni mpira mrefu na krosi, pembetatu ni pasi ya kupenyeza, mraba ni shuti. Mtoto anazijua siku ya kwanza. Lakini kujua lini uachie pembetatu, sekunde ile beki anapogeuka na mshambuliaji hajaotea, kunachukua miaka. Mraba ukiubonyeza kwa muda mrefu mno, mpira unapaa jukwaani. Ukiubonyeza kidogo, kipa anaudaka. Hakuna kodi ya kukuokoa kwenye mechi. Aliyekufunga amekuzidi, na waliokaa nyuma yako wameona.

Niliona mechi moja Mikumi ambayo inatosha kuwa hoja. Mikumi malori ya Tunduma na Zambia yanasimama mchana na usiku, na lori moja lilikuwa limeegeshwa linasubiri tairi lizibwe. Utingo wake akaingia bandani, hamjui mtu, akaketi na mtoto aliyekuwa bado na sare za shule. Diski ilikuwa ya Kijapani, Winning Eleven 10 ya mwaka 2006, maandishi yote Kijapani. Kwenye diski hizo duara ndiyo ya kukubali na eksi ndiyo ya kurudi, kinyume na za Ulaya. Wote wawili walipita kurasa zile kwa kasi bila kusoma hata herufi moja: chini, chini, duara, kulia, duara. Mtoto akachukua Inter Milan kwa ajili ya mguu wa kushoto wa Adriano. Utingo akachukua Arsenal ya Thierry Henry. Katika kipindi cha pili, timu zikiwa moja kwa moja, mtoto alimrudisha Adriano hadi hatua nyingi nje ya boksi. Utingo akadhani anapoteza muda. Shuti likaenda likagonga mwamba na kuingia, banda zima likapiga kelele za mtangazaji Jon Kabira kwa Kijapani wasichokijua. Utingo akacheka, akalipa, akampa mtoto mkono, akarudi kwenye lori. Hawakuwa wamejuana hata majina. San Andreas haina namna ya kumpokea mgeni wa dakika kumi.

Najua hoja ambayo mashabiki wake wanaishika kwa moyo, nami siidharau. Wanasema Carl Johnson alikuwa shujaa mweusi wakati ambapo mashujaa wa gemu karibu wote walikuwa Wazungu au Wajapani, na redio ya kwenye gari ilipiga 2Pac na Ice Cube. Jimbo la Mikumi ndilo lililomchagua Profesa Jay, mwana hip hop, kuwa mbunge mwaka 2015. Mtu asije akawafundisha watu wa huku kupenda hip hop. Lakini tazama huyo shujaa amepewa maisha gani: genge, bunduki, wizi wa magari na polisi wala rushwa. Ni mtu wa kubuni, na walichokibuni ni hicho. Winning Eleven ilitupa watu wa kweli. Tangu PlayStation ya kwanza, vijana walikimbia na Tijani Babangida wa Nigeria wakawaacha mabeki wa Ulaya wamesimama. Kwenye PS2 wakaja Okocha, Eto'o na Drogba, wana wa Afrika waliolipwa kwa vipaji vyao, ambao Jumamosi ungewaona kwenye TV ya kibanda cha mpira na jioni ukawaongoza kwa vidole vyako. Kama tunazungumzia picha ya mtu mweusi anayoiona mtoto wa Kilosa, mimi nachagua hiyo.

Na tukitaja watoto, tuseme wazi. Marekani kwenyewe San Andreas iliwekewa daraja la miaka 17 na kuendelea. Mwaka 2005, baada ya kugundulika kipande cha ngono kilichofichwa ndani yake, ikapandishwa kuwa ya watu wazima tu mpaka ilipotolewa upya bila kipande hicho. Bandani kwetu inachezwa na mtoto wa darasa la nne. Wazazi wanaosema banda la gemu ni kiota cha uhuni wamepata hofu yao kwa kuchungulia mlangoni na kuona mtu akipigwa rungu barabarani. Wangechungulia wakati wa Winning Eleven wangeona watoto wawili wakicheza mpira.

Nyingine nitazipitia haraka. Tekken 5 naiweka ya pili, maana nayo inaketisha wawili na kwisha upesi. Kasoro yake ni ile iliyorithi kwa Tekken 3: anayemchukua Eddy Gordo na kubonyeza mateke ovyo anaweza kumshinda aliyejifunza. Here Comes the Pain, ya mieleka, inafaa siku banda limejaa. God of War ni kazi nzuri sana ya mtu mmoja, kwa hiyo mahali pake ni nyumbani. Final Fantasy X na Shadow of the Colossus, ambazo wahakiki wa nje huziweka juu kabisa, ni za mwenye mashine yake na usiku wake. FIFA ya miaka ile ilikuwa na majina na jezi halali, lakini mpira wake ulikuwa mzito. Vijana walivumilia kuiona Liverpool ikiitwa Merseyside Red kuliko kuicheza FIFA.

Winning Eleven ina doa lake, na doa hilo linaniuma. Taifa Stars haimo. Kamerun imo, Nigeria imo, Tanzania hakuna. Vijana walijaza pengo hilo wenyewe kwa ukurasa wa kuhariri: wanaichukua timu isiyopendwa na mtu, wanabadili jina, wanapaka jezi rangi, wanaandika wachezaji mmoja mmoja kwa padi, herufi baada ya herufi. Simba na Yanga zilipatikana hivyo, hata Mtibwa Sugar, mabingwa wa mwaka 1999 na 2000 kutoka mkoa wetu huu. Brazil walifanya kazi kama hiyo kwa mapana zaidi wakapata Bomba Patch, PES ya PS2 yenye vikosi vyao vya nyumbani, na waliendelea kuihuisha hata baada ya Sony kuacha kuitengeneza PS2 mwanzoni mwa 2013. Gemu ambayo watu wanaibeba wenyewe namna hiyo, bila kampuni kuwaomba, imekwisha kujibu swali la ubora.

Sasa vijana wengi wanacheza kwenye simu, na PS2 zinauzwa kwa mafundi zikavunjwe vipuri. Ninyi mnaoendelea kuziwasha Kilosa, Kimamba, Ulaya (hii ya Kilosa), Mikumi na Kidodi, nina ombi kwenu. Msiziuze bado. Lenzi ikichoka, mtafutieni fundi abadilishe. San Andreas mpeni mtu mzima mwenye mashine yake akacheze kwake mpaka mwisho, aione hadithi yote kama ilivyoandikwa. Kwenye benchi wekeni Winning Eleven, padi zote mbili ziwe nzima, na bei ya mechi mwanafunzi aimudu.